Siku Bosko Hakuwa Mgonjwa

Mwalimu Ekitela,

Ejok. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu hapiti mbele ya mwenzake kimya, hata kama mwenzake ni mbwa aliyelala. Kwa hiyo nakusalimu kwanza, halafu niendelee.

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu kila barua niliyojaribu kukuandikia tangu tulipokuzika ilianza na hilo, na kila moja niliichana nilipofika mstari wa tano. Leo sichani. Nimeolewa na Ewoi, yule fundi wa sola mwenye mwanya, ambaye uliwahi kumwambia ana mikono mizuri ya kushika kamba kwa sababu haina haraka. Hii ni wiki ya tatu. Tunakaa chumba kimoja hapa hapa Kanamkemer, nyuma ya shule, na nimeweka pazia la manjano ambalo asubuhi linafanya chumba kizima kiwe kama ndani ya papai. Ewoi huimba akinyoa ndevu. Huniita "mke wangu" hata akitaka tu nimpitishie chumvi, na kila mara moyo unaniruka kama ni mara ya kwanza. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi, Mwalimu, na mtu mwenyewe awe mimi. Wakati mwingine naosha vyombo, halafu nasimama tu na sufuria mkononi nikitabasamu peke yangu, mpaka Mama akipita ananiuliza kama sufuria imenichekesha.

Bosko analala mlangoni, nje ya kizingiti, pale ulipomfundisha. Hapana. Pale uliponifundisha mimi kumfundisha. Ningekosea hilo mbele yako ungenirudisha nianze sentensi upya.

Lakini furaha hii ina mahali inapouma. Ewoi anapenda sana kuwasimulia watu siku aliyonichumbia. Akipata mgeni yeyote, hata mtu aliyekuja kuomba kiberiti, anaanza, "Siku ile ya Lorugum..." na macho yake yanawaka. Mimi nainuka kwenda kutafuta kitu jikoni. Hatuna jiko, Mwalimu, tuna pembe tu ya chumba yenye stovu, lakini nainuka hivyo hivyo. Alidhani ninaona haya. Haya ninayo, ila si hiyo aliyoidhani.

Ngoja nianze mbali kidogo, nipate nguvu.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja kwako nimekasirika, nikimburuta Bosko kwa kamba ya katani, nikalalamika kwamba nimepewa mbwa mjinga. Alikuwa ametafuna kiatu cha mteja pale kwenye duka la fotokopi ninapofanya kazi, na tajiri wangu alikuwa amesema ama mbwa aondoke, ama tuondoke wote wawili. Ulikuwa umekalia ekicholong yako, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wetu hutembea nacho, ukanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha ukasema, "Mbwa nimemwona, yuko sawa. Sasa tukuone wewe." Nilitaka kugeuka niondoke. Ukaniambia nivue viatu nisimame mchangani. Ilikuwa saa tano asubuhi, na mchanga wa Lodwar saa hiyo haumhurumii mtu. Nilihesabu mpaka saba nikaruka kama mwana-mbuzi. Ukaniuliza, bila kucheka hata kidogo, Bosko alikuwa amesimama hapo muda gani nilipokuwa nikikueleza ujinga wake.

Halafu kile kikombe. Kikombe cha bati chenye maua ya bluu yaliyobabuka. Ulikijaza maji mpaka ukingoni, ukakiweka katika mkono ule ule ulioshika kamba, ukaniambia niende mpaka kwenye ule mti mkubwa wa mathenge na nirudi. Nilirudi na kikombe kitupu na gauni limelowa. Nikasema Bosko amenivuta. Ukachukua kamba, Bosko akabaki na wewe, ukaniambia niende tena na kikombe peke yangu. Maji yalimwagika vile vile. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikagundua sikuwa ninacheka. Miaka yote nilidhani mimi ni mtu mpole. Kumbe mkono wangu ulikuwa unapiga kelele muda wote, na Bosko alikuwa anausikia.

Watu walikuletea mbwa wakitaka kukuachia wiki mbili, waje wachukue mbwa aliyenyooka kama wale wa polisi uliofanya nao kazi ujana wako wote. Ulikataa kila mmoja. "Nikimfundisha mimi atanisikia mimi, na mimi silali kwako." Wakanuna, wakarudi, wakavua viatu. Baba Brayo mwenye duka, yule aliyehamia hapa kutoka Kitale, alikuwa akimwita mbwa wake kwa sauti ya kuvusha mto. Baada ya miezi miwili alikuwa anaongea naye kama anamwambia siri. Mkewe alikuja mwenyewe kukushukuru, akasema hata ndani ya nyumba sauti imeshuka, na watoto wameacha kukimbia mlango ukifunguliwa. Ulijikuna shingo ukasema hukumfundisha Baba Brayo mambo ya watoto. Lakini nilikuona ulivyofurahi. Siku hiyo ulinunua chai ya watu wote.

Na kabla ya yote, kabla hatujafanya zoezi hata moja, lilikuwa lile duara. Kila mwenye mbwa anasema wiki hii yeye alikosea wapi. Mbwa hatajwi kwa kosa lolote. Mtu akianza na "huyu mbwa wangu," unainua kidole, naye anaanza upya na "mimi." Akimaliza, humsifu wala humgombezi. Unasema tu, "Asante. Mwingine?"

Mwanzoni niliona ni mchezo wa kanisa. Baadaye nikalipenda lile duara, Mwalimu, na nadhani nililipenda vibaya. Nilikuwa hodari. Nilijua kuchagua kosa zuri, dogo, lenye kugusa moyo, nikalisema kwa sauti ya kutetemeka kidogo, na watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja aliniambia ningefaa kuhubiri. Baada ya mwaka ukanifanya msaidizi wako. Darasa la Kanamkemer Jumatano, na Jumamosi tunapanda gari la alfajiri kwenda Kakuma, Bosko miguuni petu, kule uwanjani upande wa Lopur ambako wenyeji na wakimbizi walikuwa wanatusubiri na mbwa wa kila rangi. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kubeba mfuko wako wa nyama kavu.

Sasa niseme.

Alhamisi ile ulinipigia simu. Ulisema daktari wa moyo, yule anayekuja Lodwar mara moja kwa mwezi, angekuwepo Jumamosi, na hukutaka kumkosa kwa sababu kifua kilikuwa kinakubana ukipanda ngazi. Ukaniomba nishike darasa la Kakuma peke yangu. Ulisema, "Unaweza. Umeweza siku nyingi." Pia ulinikumbusha kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya Kadogo, mbwa wa Mama Furaha, mwanafunzi wetu wa Kakuma. Majirani zake walikuwa wamempa mpaka siku hiyo. Kama Kadogo angeshindwa kupita kati ya watoto bila kuwarukia, wangemuua. Niliyajua yote mawili. Nayaandika hapa yote mawili ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilijua moja tu.

Nilikubali. Nilifurahi hata. Halafu Ijumaa jioni Ewoi akapita dukani na pikipiki, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasema kesho anaenda Lorugum kumsalimia nyanya yake na angependa twende pamoja. Mtu ambaye hajawahi kupiga pasi hata kitambaa cha mkononi! Nilijua. Msichana yeyote angejua. Ningeweza kumwambia twende Jumapili. Nyanya yake hakuwa anahama. Ningeweza kukupigia simu nikuambie ukweli, na nakujua, ungecheka, ungesema ngoja tutafute njia. Lakini niliogopa utaniona mtu wa kutegemewa nusu. Nilitaka niwe na siku yangu na pia niendelee kuwa Akiru wako hodari. Kwa hiyo nikakupigia nikakuambia Bosko anaumwa.

Sikusema tu anaumwa. Nilipamba. Nilisema ameshinda amelala, pua imekauka, akijaribu kusimama miguu ya nyuma inalegea, na kwamba nadhani ni homa ya kupe. Bosko alikuwa amesimama mbele yangu wakati huo huo na ndala ya Mama mdomoni, anatikisa mkia. Nilimpa mgongo ili nimalize kusema.

Kisha ukasema, "Kaa naye. Mpe maji kidogo kidogo. Mimi nitapanga." Nami nikajiambia utaahirisha darasa, uende kwa daktari, na Kadogo atapewa wiki nyingine. Sikuuliza. Kutouliza kwangu ndiko kulikoniruhusu nilale.

Jumamosi ile, Mwalimu, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na siwezi kuifanya isiwe hivyo. Tulikwenda na upepo usoni. Nyanya yake alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanitazama kama mtu anayepima kitambaa, kisha akanivika ushanga wa shingoni aliokuwa amevaa mwenyewe. Ewoi alinipeleka mpaka kwenye tangi la maji alilofunga paneli zake mwenyewe, akapiga goti pale kwenye tope dogo la maji yanayovuja chini ya bomba, suruali nzuri ikaharibika, akasahau maneno yote. Alisema tu, "Sasa?" Na mimi nikasema, "Sasa." Ndiyo yote. Tulicheka mpaka mbuzi waliokuwa wanakunywa wakatukimbia.

Jua lilikuwa linazama nilipofika nyumbani. Mama akaniambia, "Mwalimu wako alipita. Alikunywa chai." Nikasema ooh, nikamwonyesha pete aliyonivika Ewoi. Nilisema ooh, Mwalimu. Kwamba ulipita nyumbani, siku ambayo nilisema mbwa anaumwa, na mimi sipo, na mbwa anafukuza kuku uani. Nililala na pete kidoleni na nikalala usingizi mzito.

Asubuhi ndipo nilipoona, nyuma ya sufuria, kichupa cha dawa ya homa ya kupe, karatasi yake ina muhuri wa duka la dawa za mifugo la Kakuma. Miguu yangu mwenyewe ndiyo iliyolegea. Kumbe hukwenda kwa daktari. Ulikuwa umewaahidi watu wa Kakuma, ukapanda gari la alfajiri na kifua kile kile, ukasimama juani na Kadogo, na kutoka hapo ukatafuta dawa ya mbwa wangu, ukashuka kwetu kabla hujafika kwako.

Jumatano ikafika. Duara. Wewe umekaa kwenye ekicholong, kofia magotini. Zamu yangu ilipofika ulinitazama kama unavyomtazama mbwa anayekaribia kufanya jambo sahihi, bila kusogea, ili usimharibie. Ulinipa nafasi yote duniani. Nami nikasimama nikasema wiki hii nilikosea kwa sababu nilimpa Bosko chakula huku nikichezea simu, sikumtazama machoni, naye alistahili kutazamwa. Nilisema vizuri. Mtu mmoja akapiga kofi dogo.

Hukusema haraka. Kisha, "Asante, Akiru. Mwingine?"

Na baada ya darasa ulinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hukuwa unalifanya. Tulitembea polepole kwa sababu ulikuwa unasimama kila baada ya hatua kadhaa, ukijifanya unatazama ndege. Uliniuliza, "Una la kuniambia?" Nikakueleza gauni. Nilikueleza gauni la harusi, Mwalimu, mikono yake, shanga zake, fundi alivyokosea kiuno, njia nzima mpaka barabarani. Nawe ukasikiliza. Ukauliza hata kama gauni litafika chini, maana Bosko angeweza kulikanyaga. Ulikuwa umeahidi kumshika Bosko kanisani.

Wiki mbili baadaye, kabla ya zamu nyingine ya yule daktari, ulianguka asubuhi ukifunga viatu vyako uende kwenye darasa. Binti yako Esther ndiye aliyenipigia simu.

Sikulia mazishini kama watu walivyotegemea. Waliniambia nina nguvu. Nilikuwa nimesimama pale nikifikiria kwamba nikifungua mdomo kulia, jambo lingine litatoka.

Harusi ilikuwa nzuri. Nakuambia kwa sababu ungetaka kujua. Bosko alilala mlango wa kanisa ibada yote, kwaya na vigelegele, hakusogea. Aliyeshika kamba ni Mama. Mama yangu, ambaye zamani alikuwa akimrushia ndala! Nilipokuwa natoka na Ewoi niliona Mama ameshusha kiganja, hasemi neno, na Bosko anasubiri. Nikajiuliza Mama amejifunza hilo wapi, lakini siku ya harusi mtu haulizi.

Niliuliza wiki iliyopita. Na nilimwuliza kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia Ewoi.

Ilikuwa hivi. Alikuja mgeni, fundi mwenzake, na Ewoi akaanza, "Siku ile ya Lorugum..." Nikainuka. Safari hii sikufika kwenye stovu. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba, na mgeni alipoondoka nikamwambia yote, simu, homa ya kupe, kichupa, gauni. Nilitegemea atanikumbatia aseme si kosa langu. Hakusema. Aliketi kitandani akatazama mikono yake muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo siku yetu ilitoka kwake." Usiku huo hakuniita mke wangu. Asubuhi hakuimba. Niliona hapa ndipo furaha yangu inapoishia, wiki ya pili tu. Lakini aliponiletea chai alisema, "Lazima umwambie Esther. Nitakupeleka."

Esther alinisikiliza akipepeta mtama. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza aliniambia kwamba kabla ya hiyo ulikuwa umemkosa daktari mara tatu, mara moja kwa sababu ya mvua na mara mbili kwa ukaidi wako tu. Nilianza kupumua. Akaniangalia akasema, "Zile tatu ni zake. Hii moja ni yako." Kisha akaingia ndani akatoka na kile kikombe cha bati, akaniwekea mkononi. Hakusema nimesamehewa. Sikuuliza. Aliniambia tu kwamba watu wa Kakuma wanampigia simu, Jumamosi zinapita, mbwa wanasahau.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mama, na ndipo aliponiambia ulichofanya kwetu ile jioni. Kwamba ulimtazama Bosko akifukuza kuku, ukacheka mpaka ukashika kifua. Kwamba Mama aliaibika kwa niaba yangu akataka kunipigia simu, ukamkataza. Chai ilikuwa ya moto, na wakati inapoa ulimwonyesha Mama jinsi ya kushusha kiganja, ukamwambia mbwa huyu anamwogopa kwa sababu ya ndala, na ni yeye wa kuanza. Mlifanya mara nyingi, anasema, mpaka kuku wakapita mbele ya Bosko naye ametulia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia yote haya. Akasema wewe ulimwomba. "Mwambie nilikuja kunywa chai. Hilo lingine alilete mwenyewe." Na kichupa ulikiweka nyuma ya sufuria kwa mkono wako, ukasema, "Hii ikae. Siku Bosko akiugua kweli itahitajika."

Mwalimu, ulikuja na kosa langu mkononi, ukaondoka umemfundisha mama yangu.

Jumamosi iliyopita nilipanda gari la alfajiri. Ewoi alikuja, amebeba mtungi wa maji begani. Bosko miguuni. Nilidhani nitakuta watu watatu. Walikuwepo karibu wote, wamekaa kwenye duara, na wakati wa kukaa walikuwa wameacha nafasi yako wazi kiasi cha kigoda. Kadogo alikuwepo, mnene, mtoto wa jirani amemlalia mgongoni. Mama Furaha alinikumbatia akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Ile siku Mwalimu alisimama na sisi mupaka jua ikamuchoma. Hatumusahau." Hakujua anachonichoma nacho.

Sikukaa penye nafasi yako. Nilisimama pale pa kila siku. Nilijaza kikombe mpaka ukingoni, nikakishika kwa mkono wa kamba, ili nisiweze kujificha, nikaanza. Sikuchagua maneno. Nilisema mimi ndiye niliyepaswa kuwa hapa Jumamosi ya Kadogo. Nilisema Bosko hakuwa mgonjwa. Nilisema Mwalimu alikuwa na daktari siku hiyo, nilijua, na nilikwenda kuchumbiwa. Nilisema Jumatano yake nilisimama kwenye duara nikatoa kosa la uongo, naye akanishukuru.

Maji yalishuka kwenye kiwiko, kwenye gauni, kwenye kamba, mchangani. Bosko hakusogea hata unyoya. Kila mtu aliona kamba imelegea. Kila mtu aliona maji yanamwagwa na nani.

Hakuna aliyepiga kofi. Hakuna aliyetikisa kichwa. Mbwa mmoja alikohoa. Nilimtafuta Ewoi, akawa anatazama chini, mtungi bado begani, amesahau kuutua. Kisha Mama Furaha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akakaa sawa, akasema kwa sauti yake nzito, "Aksanti, Akiru. Mwengine?"

Na mwingine akaanza, Mwalimu. Kijana wa Lopur mwenye mbwa wa kondoo akasema "mimi." Na baada yake mwingine. Tulifanya kazi mpaka mchanga ulipokataa miguu yetu.

Sijui kama ungeenda kwa daktari ungekuwa hai. Esther hajui, hata daktari labda hajui. Nimeacha kujiuliza kila siku, lakini sijaacha, na sidhani natakiwa kuacha. Usiku ule tukirudi, kabla hatujafika Lodwar, Ewoi aliniegemea bega akasema, "Mke wangu," bila kutaka chumvi wala kitu chochote. Nililia mpaka Bosko akanipandia miguuni, kinyume cha kila ulichotufundisha, nikamwacha.

Nakuahidi mambo machache, maana ahadi nyingi ni tabia yangu ya zamani. Jumatano Kanamkemer na Jumamosi Kakuma nitakuwepo. Zamu yangu itakuwa ya kwanza, na nitasema lile ninalotamani kulificha. Ewoi akisimulia siku ya Lorugum sitainuka. Tumekubaliana asimulie yote, pamoja na wewe ulikokuwa saa ile. Kichupa kiko nyuma ya sufuria yangu mpya, bado kimefungwa.

Natua kamba yako hapa, Mwalimu. Hakuna anayekuvuta tena.

Ni mimi,
Akiru, mwenye Bosko